Usaili Sebuleni kwa Bi Vitambaa

Zahanati ilipofungwa, muuguzi ambaye mtaa mzima ulimwita Sista alibaki na sare zake, cheti ndani ya fremu, na chumba kimoja nyumbani kwa mama yake mdogo. Chumba chenyewe hakikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa mlangoni, maana mlango ulitazamana na cherehani ya Mama Mdogo, na kila Sista alipotoka alipokewa na macho yanayouliza swali lile lile: leo je, umepata? Mama Mdogo hakuwa mtu mbaya, hata kidogo. Ndiye aliyemlea Sista tangu mama yake mzazi alipofariki, akamsomesha uuguzi kwa kushona nguo za watu, na yeye mwenyewe hakujaaliwa mtoto. Lakini wema wa namna hiyo una uzito wake. Ukiubeba muda mrefu, mabega huuma.

Basi siku moja Mama Mdogo alirudi kutoka kwenye kikundi chake cha akina mama akitabasamu hadi magego. Kazi imepatikana. Kuna familia ya watu wa maana, mama yao hajiwezi, wanatafuta muuguzi wa kumwangalia nyumbani. Mshahara unaeleweka, chakula humo humo, na chumba kina choo chake. Usaili ni Jumamosi, pale pale kwao. Sista akauliza huyo mama anaumwa nini. Mama Mdogo akajibu kwamba ni uzee tu, na kwamba mchagua jembe si mkulima.

Jumamosi wakaenda kwa miguu, na njia nzima Mama Mdogo alimfunda Sista kama bibi harusi. Asiulize siku za mapumziko kabla hajaambiwa. Asishikeshike simu. Chai akiletewa ainywe yote, asiache hata tone. Wakisema jambo la kuchekesha, acheke, ila asionyeshe meno yote.

"Na hata kama kazi hukuipenda," alisema, akimshika mkono kabla hawajavuka barabara, "usiseme pale pale. Mtu hakatai mbele ya mwenyeji wake. Unakubali, unashukuru, unaaga. Kukataa kutatafutiwa njia baadaye."

Sista akauliza baadaye ni lini. Akaambiwa baadaye ni baadaye.

Nyumba ilikuwa na ukuta mrefu na geti la nondo lililopakwa rangi mpya. Aliyewafungulia alikuwa binti wa huyo mama, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwembamba mwenye sauti iliyokauka kwa vumbi la chaki. Shingoni alivaa ufunguo kwenye kamba ya viatu. Akawakaribisha kwa bashasha, akawapitisha, kisha Sista akasikia kufuli likibanwa nyuma ya mgongo wake. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo tu, kama mtu aliyefyonza jino.

Sebuleni walimketisha kwenye sofa la aina ile inayomeza watu. Sista alipokaa, magoti yake yalipanda juu kuliko kifua, na akajua papo hapo kwamba kuinuka humo kwa heshima haitawezekana. Mbele yake, kwenye viti vya kawaida, walikaa wenye nyumba, wakimtazama kutoka juu: Mwalimu, na kaka yake mkubwa, mtu wa kimo na kitambi, mwenye malori ya mizigo, ambaye hata dada yake alimwita Meneja. Chai ikaletwa. Sista akamwangalia Mama Mdogo, akaanza kuinywa.

Mwalimu alikuwa na maswali kwenye simu yake, yaliyoonekana kuokotwa mahali fulani yakiwa yamekwisha pikwa. Akamtaka mgeni ajieleze. Sista akajieleza: miaka ya wodi ya wazazi, vidonda, chanjo, watoto waliotanguliza miguu. Meneja alitikisa kichwa kwa adabu, kama mtu anayesomewa shehena ya lori la mwenzake. Kisha Mwalimu akauliza, baada ya miaka mitano anajiona wapi. Sista alitazama pazia, akatazama sinia. Mama Mdogo akamjibia kwamba atakuwa hapa hapa, Mungu akipenda.

Baada ya hapo yakaja maswali ambayo hayakutoka kwenye simu. Usingizi wake ni mwepesi au mzito? Akitukanwa, hukasirika au hupuuza? Ana ndugu wengi wenye misiba na harusi za kila wiki? Majirani wakija kuulizauliza, atawajibu nini? Sista alijibu kila moja kama alivyoweza, na kwa kila jibu alihisi sofa likimshusha kidogo zaidi.

"Huyu hajui kusema hapana," Mama Mdogo alisema kwa fahari, akimpigapiga gotini. "Tangu utotoni. Umtume kwenye jua, umtume kwenye mvua, anakwenda."

Alikuwa akimsifia, na alimaanisha mema. Lakini Sista aliwahi kusikia watu wakisifia ng'ombe mnadani kwa maneno yaliyofanana sana na hayo.

Akaomba, kwa upole, aelezwe mgonjwa anatumia dawa gani. Mwalimu akasema ni kidonge kimoja cha presha kila asubuhi. Zaidi ya hapo, Meneja akaongeza, mama anakula vizuri na anatembea kuliko yeye. Shida ni kichwa. Maisha yake yote aliuza vitambaa sokoni, hata wajukuu walimwita Bi Vitambaa, na sasa kila kukicha anavaa anataka kwenda kufungua duka. Duka halipo. Hata soko lenyewe lilihamishwa zamani.

Mwalimu alipofika kwenye siku ile mama yao alipopotea, sauti yake ilibadilika. Walimtafuta hospitali, walimtafuta vituo vya polisi, walimtafuta hadi mahali ambapo mtu hapendi kumtafuta mzazi wake. Walimkuta asubuhi yake upande wa pili wa mji, ameketi mbele ya duka la watu lililofungwa, mguu mmoja hauna kiatu, akisubiri wateja. Mwalimu akashika ule ufunguo shingoni kana kwamba unampasha joto.

"Kwa hiyo kazi yenyewe," Meneja alisema, "kwa kifupi, ni geti."

Sista akaelewa. Alikuwa amejiandaa kwa vidonda, kwa sindano, kwa mtu wa kugeuzwa kitandani. Kazi aliyofundishwa, ukiivua madoido yote, ilikuwa moja: kumfikisha mtu mahali pa kuinuka na kwenda zake. Hii ya hapa ilikuwa kinyume chake. Akalitafuta neno la adabu la kulisema hilo. Akaanza kwamba anashukuru sana, ila anaona labda familia ingehitaji mtu wa namna nyingine kidogo. Hapo Mama Mdogo akapaliwa na chai, akakohoa kikohozi kirefu ambacho Sista, kwa uzoefu wake, alijua hakikutoka kifuani. Chini ya meza kiatu kikakanyaga kiatu. Mwalimu akamjazia kikombe tena. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na yeye ya kwake ilikuwa ya kitambaa laini, yenye sukari.

Ndipo Bi Vitambaa mwenyewe alipoingia. Alikuwa amevaa akavaa: gauni lililopigwa pasi, kitambaa cha kichwa kilichofungwa kwa ustadi, mkoba mkononi, viatu vimefungwa vizuri. Sista akamwamkia kwa heshima. Bi Vitambaa akamtazama, kisha akawatazama wanawe.

"Huyu naye mmemkamata wapi?"

Meneja akacheka peke yake. Bi Vitambaa akainama, akaichukua sketi ya Sista kati ya vidole viwili, akaisugua. Akasema imechanganywa nailoni, na kwamba aliyemuuzia kwa bei ya pamba amempiga.

Meneja aliona hiyo ni dalili njema. Akasema vyeti ni karatasi, na karatasi hailindi mtu. Afadhali Sista aachwe na mama kwa muda waone wanavyoelewana. Yeye ataenda kuangalia lori lililokuwa likitengenezwa. Mwalimu atampeleka Mama Mdogo nyumbani kwake mwenyewe, mtaa wa pili, akapime madirisha, maana alikuwa akitafuta fundi wa mapazia. Mama Mdogo alikuwa amekwisha simama kabla sentensi haijaisha. Mwalimu akaivua ile kamba, akamvisha Sista shingoni. Ufunguo ulikuwa bado na joto la mwenzake. Na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza kama anakubali, hakuna mahali alipoweza kukataa. Akawasindikiza getini, akafunga kwa ndani kama alivyoelekezwa.

Alipogeuka, Bi Vitambaa alikuwa amesimama nyuma yake na mkoba wake.

"Twende."

Sista akauliza wapi. Akaambiwa sokoni, watu wameshafungua. Sista akasema jua ni kali, wangoje kidogo lipungue. Bi Vitambaa akakubali, akarudi ndani, akakaa ukingoni mwa kiti. Haukupita muda akasimama tena. Twende. Sista akasema geti limeharibika, fundi yuko njiani. Bi Vitambaa akakaa. Akasimama. Sista akasema Meneja amekwenda kuleta gari, si vizuri kumpita njiani. Mara ya nne akasema leo soko halifunguliwi, na akamshika mabega, akamketisha polepole, kwa sauti ile ile laini aliyoitumia kwa wanawake wenye uchungu wa kuzaa, sauti ambayo wengi walimsifia kwayo. Uongo wa kwanza ulimkwaruza koo. Wa nne ulipita kama maji.

"Na hicho shingoni ni nini?" Bi Vitambaa akauliza.

"Ufunguo wa kabati la dawa, Bibi."

Bi Vitambaa hakubisha. Alinyanyuka, akatoka hadi getini, akashika nondo kwa mikono miwili, akaanza kuita wapita njia kwa sauti ya mtu aliyeuza maisha yake yote: sauti isiyopayuka, ila inafika. Mwanamume mmoja aliyekuwa akikokota baiskeli akasimama. Bi Vitambaa akamweleza, kwa ufasaha na kwa mpangilio, kwamba yeye ni mfanyabiashara, kwamba amefungiwa ndani na mtu asiyemjua, na kwamba anaomba tu afunguliwe aende kazini kwake. Mwanamume yule akamtazama Sista, uso umejaa mashaka. Na ni kweli, kila neno alilosikia lilikuwa kweli, isipokuwa moja au mawili.

Sista hakufikiri. Alitabasamu tabasamu la kazini, akainua kidole, akakigusisha kichwani pake, akakizungusha kidogo.

Mwanamume akatikisa kichwa kwa huruma. Akaendelea na baiskeli yake.

Bi Vitambaa alikuwa amegeuka. Alikuwa amekiona kidole. Hakutukana, hakulia. Aliachia nondo moja, kisha nyingine, akampita Sista bila kumgusa, akaingia sebuleni. Sista alipomfuata alimkuta anavua viatu. Aliviweka pamoja chini ya kiti, akalaza mkoba mapajani.

"Kazi unaijua," Bi Vitambaa alisema.

Sista alikaa mkabala naye, kwenye sofa, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kukaa. Saa ya ukutani ilikuwa ya zile zinazotembea bila mlio, kwa hiyo hata muda haukumpa mtu wa kuzungumza naye. Alijaribu kufikiria chumba chenye choo chake. Alijaribu kufikiria mshahara. Kila alichokifikiria kilikuwa na kile kidole ndani yake. Alikuwa amekuja na hofu kwamba kazi hii haimfai, na hofu hiyo ilikuwa ndogo, mtu anaweza kuizoea. Sasa aliona jambo jingine: ingemfaa vizuri mno. Angekuwa hodari. Baada ya mwezi angekuwa na uongo wa kila saa, umepangwa kama dawa, na baada ya mwaka asingehitaji hata kuupanga.

Waliporudi, Sista aliwafungulia geti, akarejea kwenye sofa. Meneja alisimama mlangoni akaona viatu viko chini ya kiti. Akamwita dada yake aje aone. Mama hajawahi kuvua viatu mchana tangu walipoanza kufunga geti. Mwalimu alifuta macho kwa kiganja. Wakamvisha Sista kilemba cha ukoka cha kila rangi: ana mkono wa baraka, ana roho ya malaika, wamehoji wengi lakini huyu ameletwa. Meneja akasema haina haja ya kuzungushana, aanze leo leo. Mama Mdogo, uso unang'aa, akasema nguo zake ataletewa jioni, asihangaike kutoka.

Hapo ndipo Sista alipoona njia yote ilivyokuwa. Angekubali kwa adabu, angeshukuru kwa adabu, na angebaki. Ile baadaye ya kukataa isingefika, kwa sababu begi lake lingefika kwanza.

Akajaribu kusimama. Sofa lilimrudisha. Akajaribu tena, akishika meza, kikombe kikayumba, na safari hii akafanikiwa kuwa wima, sketi imepinda. Akavua kamba, akaiweka kando ya sinia.

"Naomba nisiichukue kazi hii," alisema. "Ningeweza kuwaambia nitawapigia simu. Lakini mngekaa mkinisubiri, na haingekuwa heshima."

Meneja akauliza kama ni mshahara. Sista akasema si mshahara.

"Sasa ni nini? Mbona umeiweza?"

"Ndiyo sababu. Nimeiweza haraka mno."

Akawaeleza. Alisema jinsi alivyomdanganya mama yao, jinsi kila uongo ulivyomteleza ulimini kuliko uliotangulia. Akaeleza na habari ya kidole, ingawa hiyo ilimtoka vipande vipande. Akasema mama yao ametulia kwa sababu ameacha kutumaini, si kwa sababu amepona, na kwamba kama angeulizwa, angeshauri watafute mtu wa kumshika mkono, watoke naye, wazunguke, warudi.

"Na siku akimponyoka?" Meneja aliuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyekwisha kuliwaza swali hilo mara nyingi peke yake.

"Anaweza kumponyoka," Sista alisema. "Siwezi kuwaficha."

Mwalimu aliinua kamba kutoka mezani, akaivaa tena. "Sisi si watu wabaya," alisema.

"Najua, Mwalimu. Hata mimi asubuhi nilijua mimi si mtu mbaya."

Meneja akainuka, akamshukuru kwa muda wake, kwa sauti inayotumiwa kwa dereva aliyeshindwa majaribio. Hakumpa mkono. Sista akamwendea Bi Vitambaa kumuaga, na moyoni alikuwa amepanga kumwomba radhi, hata mbele ya watu. Lakini Bi Vitambaa alimwinulia uso mpya kabisa, uso wa mwenye duka aliyeona mteja. Akaishika sketi ile kati ya vidole viwili, akaisugua, akasema imechanganywa nailoni. Wamekupiga, mwanangu. Aliyekosewa hakuwepo tena, na radhi ikabaki mdomoni mwa Sista kama kidonge kilichokosa maji.

Njiani Mama Mdogo alitangulia. Hakusema neno siku ile, wala ya pili. Wiki ikapita, ikafuata nyingine. Chakula chake Sista alikikuta kimefunikwa, bado cha moto, hakuna aliyekaa karibu nacho. Kwenye kikundi cha akina mama, maneno yalikuwa yamekwisha kufika kabla ya wahusika: kwamba yule mpwa amekataa kazi ya watu baada ya kunywa chai yao yote. Sista aliendelea kupeleka barua za maombi huku na huku, na aliporudi alikuta cherehani inaenda kasi, macho ya mwenyewe yako kwenye kitambaa. Alijikuta akiyatamani hata yale macho ya kuuliza.

Mapazia ya Mwalimu yalikwisha kushonwa. Mama Mdogo akayapeleka, akachelewa kurudi. Alipofika alikaa chini, karibu na Sista aliyekuwa akichambua mchele, akaingiza naye mkono kwenye sinia bila kuombwa. Akasema alipitishwa nyumbani kwa Bi Vitambaa kusalimia. Wamempata msichana mwenye nguvu, mchapakazi, hana maneno. Geti halina matatizo tena.

Akatoa jiwe dogo, akalitupa.

"Bi Vitambaa siku hizi hata viatu havai," alisema. "Anakaa tu. Nilimshikisha kipande cha pazia nione atasema nini. Hakusema kitu."

Vidole vyao viliendelea kusogeza punje, vya mmoja laini, vya mwingine vimechomwa sindano miaka na miaka.

"Na mimi je?" Mama Mdogo aliuliza, bila kuinua kichwa. "Siku nikifika pale. Mimi sina Mwalimu wala Meneja. Nina wewe."

Sista alifungua kinywa. Ile sauti laini ilikuwa tayari, imejipanga kooni na maneno yake yote mazuri, ikisubiri tu kuachiwa. Akafunga kinywa.

"Sijui, Mama Mdogo. Naogopa."

Mama Mdogo akasema kwamba na yeye anaogopa, na kwamba hakuwahi kulitamka jambo hilo mbele ya mtu. Akajongea kidogo, sinia likakaa sawa katikati yao, wakaendelea kuchambua.